Hesabu na Ukaguzi wa Shirika Lisilo la Kiserikali Tanzania Bara: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Shirika la hisani lina daftari moja la fedha, lakini wasomaji wake ni wengi na kila mmoja husoma kwa jicho lake. Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali huangalia kama fedha zilizopokelewa zilifanya kazi iliyoandikwa kwenye katiba. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huangalia kodi iliyopaswa kukatwa na kulipwa. Mfadhili huangalia bajeti aliyoidhinisha. Na wanachama, ambao mara nyingi husahaulika, hutaka kujua kama shirika lao bado lina uhai. Kinachoyaponza mashirika mengi, hasa madogo, ni kumwandalia kila msomaji hesabu zake peke yake: hizi za mfadhili, zile za Msajili, na nyingine zinazokokotolewa haraka haraka mwezi Juni kwa ajili ya TRA. Matokeo yake mapato ya mwaka mmoja husomeka kwa takwimu tatu tofauti katika ofisi tatu, na siku ya kuulizwa hakuna anayeweza kueleza tofauti imetoka wapi. Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: daftari liwe moja, taarifa zinaweza kuwa nyingi, na kila tofauti kati ya taarifa hizo iwe na maelezo ya maandishi yaliyoandaliwa kabla ya kuulizwa.

Yanayofuata yanahusu Tanzania Bara pekee, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na msajili wake.

Hatua ya 1: Tambua sheria inayolibana shirika lako

Sheria mama ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, hasa yale makubwa ya mwaka 2019. Kifungu cha 29 kinalitaka kila shirika liandae, kwa kila mwaka wa kalenda, taarifa ya shughuli zake pamoja na taarifa ya hesabu iliyokaguliwa na mkaguzi huru. Sheria haisemi kwamba shirika dogo limesamehewa ukaguzi. Wapo viongozi wanaoamini kwamba kwa kuwa hawakupata mfadhili mwaka huo basi hawana cha kukaguliwa. Imani hiyo haina msingi katika kifungu hicho, na Msajili amekwisha kuyafuta mashirika kwa kutowasilisha taarifa zao.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliziondolea kampuni zisizo na hisa, zilizokuwa zimesajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) huku zikifanya kazi za hisani, nafasi ya kuendelea hivyo. Zililazimika kuhamia kwa Msajili wa NGOs. Vyama vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na taasisi za wadhamini zilizosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) navyo vina masharti yake. Ikiwa shirika lako lina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA kwa ajili ya kumiliki kiwanja au jengo, na wakati huohuo lina cheti cha NGO, basi mali hiyo lazima ionekane kwenye hesabu za upande mmoja unaojulikana, na upande wa pili uitaje kwenye maelezo. Nyumba inayomilikiwa na wadhamini, inayokaliwa na shirika na isiyoonekana kwenye mizania ya yeyote kati yao ni jambo ambalo mkaguzi makini hulikuta siku ya kwanza.

Juu ya sheria hiyo kuna kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 kwa Tangazo la Serikali Na. 609. Kanuni hizo zinagusa fedha moja kwa moja. Shirika likipata ufadhili unaozidi Sh 20,000,000 linatakiwa kuwasilisha mkataba wake Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kuusaini ili uidhinishwe, na linatakiwa kutangaza mara mbili kwa mwaka fedha lilizopokea na matumizi yake, kwenye magazeti yenye wasomaji wengi na kwenye vyombo vingine vinavyowafikia walengwa. Aidha, baada ya kukamilisha harambee au uchangishaji, shirika lina siku 14 za kuweka wazi chanzo cha fedha, kusudi lake na namna zitakavyotumika. Ninashauri tarehe hizi ziandikwe kwenye kalenda ya mhasibu siku ileile mkataba unaposainiwa, kwa sababu siku 10 huisha kabla hata nakala yenye saini ya mfadhili haijarudi ofisini.

Hatua ya 2: Tafuta hadhi yako TRA mapema

Cheti cha usajili wa NGO hakilifanyi shirika kuwa taasisi ya hisani kwa macho ya kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitambua taasisi ya hisani pale tu inapokuwa ya umma kwa tabia yake, imeanzishwa kwa ajili ya kupunguza umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jumla za afya, elimu, maji au barabara, na Kamishna ametoa uamuzi wa maandishi kuitambua hivyo. Shirika lisiloomba uamuzi huo linatozwa kodi kama taasisi nyingine yoyote.

Hata lenye hadhi hiyo halikusamehewa kila kitu. Misaada na michango huhesabiwa kuwa mapato. Kisha hutolewa kiasi kilichotumika kutekeleza malengo ya hisani, na juu yake asilimia 25 ya mapato. Kinachobaki baada ya hapo hutozwa asilimia 30. Kwa shirika linalotumia karibu fedha zote ndani ya mwaka, kodi huwa sifuri, lakini ritani, yaani taarifa ya kodi kwa TRA, bado inawasilishwa: makadirio ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka wa mapato, na ritani ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Kwa mwaka unaoishia 31 Desemba hiyo ni 30 Juni.

Kodi zinazoyaumiza mashirika si ya mapato, bali ni zile yanazopaswa kuwakata wengine. Kodi ya mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kodi ya zuio ni asilimia 10 kwenye pango la ofisi na asilimia 5 kwenye ada za huduma zinazolipwa kwa mkazi, ambazo ni pamoja na ada ya mshauri elekezi, ya mwezeshaji wa semina, na ya mkaguzi mwenyewe. Asiyekata huilipa kutoka mfukoni mwa shirika, pamoja na riba, na hakuna mfadhili atakayekubali riba hiyo iingie kwenye bajeti yake.

Hatua ya 3: Amua viwango utakavyofuata

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS) na vya ukaguzi mwaka 2004. Kwa NGO ya kawaida, chaguo la busara ni IFRS for SMEs, yaani kiwango cha taasisi ndogo na za kati, ambacho ni kifupi na kinatosha. Toleo lake la tatu lilitolewa Februari 2025 na litaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027. IFRS kamili ni mzigo usio na sababu kwa shirika lenye miradi miwili, na hesabu za fedha taslimu peke yake, yaani zilizoingia na zilizotoka benki, hazitimizi matakwa.

Pamoja na hicho kuna kiwango cha nyumbani, TFRS 1, kinachohusu ripoti ya wanaosimamia taasisi. Kimetumika kwa miaka inayoanza 1 Januari 2021 na kuendelea. Kinaitaka bodi ieleze kwa maneno malengo ya taasisi, namna inavyofanya kazi, uongozi wake, rasilimali, hatari zinazoikabili na hali yake ya fedha. Ripoti hii ni ya bodi, si ya mkaguzi. Nimeona nyingi zilizonakiliwa kutoka shirika jingine, na katika moja kati ya hizo shirika la watoto wenye ulemavu lilijikuta likiahidi kulinda maslahi ya wanahisa wake.

Hatua ya 4: Jenga hati ya malipo inayojieleza

Ukaguzi hupita au hushindwa hapa, katika kazi ya kila siku, miezi mingi kabla ya mkaguzi kupiga hodi. Kila shilingi inayotoka iwe na hati ya malipo yenye namba ya mfuatano, jina la mlipwaji, kasma (fungu la matumizi) ya bajeti, chanzo cha fedha, na saini za watu watatu tofauti: aliyeandaa, aliyehakiki na aliyeidhinisha. Mtu mmoja akisaini sehemu zote tatu, hati hiyo ni karatasi tu.

Chukua semina ya siku mbili ya wajumbe wa kamati za maji katika kata moja. Nyuma ya hati yake ya malipo anayekagua atatafuta dokezo la kuomba fedha lililoidhinishwa. Barua ya mwaliko au ya kibali kutoka kwa Mtendaji wa Kata. Orodha ya mahudhurio ya kila siku, siyo moja kwa siku zote mbili, yenye jina, kijiji, namba ya simu na saini. Orodha ya malipo ya posho na nauli inayolingana na mahudhurio hayo jina kwa jina. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA, ya chakula na ukumbi. Mkataba mfupi wa mwezeshaji pamoja na uthibitisho wa zuio la asilimia 5. Na ripoti ya semina. Kisha ataifanya kazi ambayo wengi hawaitarajii: atahesabu sahani. Ikiwa mama lishe amelipwa chakula cha watu 60 na mahudhurio yanaonyesha 43, sahani 17 zinahitaji maelezo. Atalinganisha pia saini za siku ya kwanza na za siku ya pili, na akiona kalamu moja na mwandiko mmoja ukiteremka ukurasa mzima, atapiga simu namba tatu au nne za kwenye orodha.

Posho zikilipwa kwa simu, ambatisha taarifa ya miamala iliyotolewa na kampuni ya simu kutoka kwenye akaunti ya shirika, siyo picha za ujumbe kutoka kwenye simu ya mratibu. Fedha za shirika zisipite kwenye namba binafsi ya mfanyakazi hata kwa saa moja. Vijijini, ambako muuzaji wa mbao au bodaboda hana mashine ya EFD, tumia fomu ya kukiri malipo yenye jina, saini, namba ya simu na sababu ya kukosekana kwa risiti, lakini uiwekee kikomo cha kiasi katika mwongozo wako wa fedha. Isije ikawa njia ya kununulia hata kompyuta.

Masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mfanyakazi kwa safari au kazi ili aje kuzitolea hesabu, ndiyo jipu. Mfanyakazi aliyechukua masurufu arejeshe hesabu ndani ya muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa fedha, siku saba au kumi na nne baada ya kurudi safari, na asipewe mengine kabla ya kufunga ya mwanzo. Kanuni hii lazima imfunge Mkurugenzi Mtendaji kwanza. Mashirika mengi yana orodha ya masurufu yasiyorejeshwa ambayo mdaiwa mkubwa ndiye anayeidhinisha malipo yote, na mhasibu hana ubavu wa kumkumbusha. Mwekahazina wa bodi aombe orodha hiyo kila robo mwaka, iliyopangwa kwa umri wa deni.

Kila mwezi linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa kila akaunti, ikiwemo ile iliyolala, na ulinganisho huo usainiwe na mtu mwingine asiye mhasibu aliyeuandaa. Ulinganisho wa miezi 12 unaofanywa kwa pamoja mwezi Januari unatambulika mara moja: wino ni mmoja, na makosa ya Machi yamesahihishwa Desemba.

Hatua ya 5: Tenga fedha zenye masharti, na uelewe lini zinakuwa mapato

Hapa ndipo zinapozaliwa zile takwimu tatu tofauti, kwa hiyo nitakwenda polepole kwa mfano wa kubuni. Shirika limesaini tarehe 20 Septemba mkataba wa Sh 120,000,000 wa kuchimba visima. Kwa kuwa unazidi milioni 20, unapaswa kufika Hazina na kwa Msajili kabla ya 30 Septemba kwisha. Tarehe 1 Oktoba imeingia awamu ya kwanza ya Sh 72,000,000. Hadi 31 Desemba zimetoka benki Sh 41,300,000, na ndani ya kiasi hicho Sh 6,500,000 ni malipo ya awali kwa mkandarasi ambaye bado hajaleta mtambo.

Mtu anayetazama benki pekee atasema mapato ni milioni 72, matumizi ni milioni 41.3 na ziada ni milioni 30.7. Hiyo si ziada. Mkataba unasema fedha zisizotumika kwa visima zitarudishwa, kwa hiyo ni deni. Kwa kiwango cha IFRS for SMEs, ruzuku yenye masharti ya utekelezaji huwa mapato pale masharti yanapotimizwa, na iliyopokelewa kabla ya hapo hukaa upande wa madeni kama mapato yaliyoahirishwa. Malipo ya awali kwa mkandarasi nayo si matumizi bado. Ni mali, kwa kuwa tunamdai kazi ambayo bado hajaifanya. Hivyo, tukichukulia kwamba katika mkataba huu masharti hutimizwa kadiri kazi inavyofanyika, matumizi halisi ni Sh 34,800,000, mapato yanayotambuliwa ni hizohizo Sh 34,800,000, na mapato yaliyoahirishwa ni Sh 37,200,000. Hakiki kwa kuangalia upande wa pili: benki kuna Sh 30,700,000, kwa mkandarasi kuna Sh 6,500,000, jumla Sh 37,200,000. Zikilingana namna hii kwa kila mradi, kazi kubwa imekwisha.

Sasa tazama taarifa ya mfadhili. Fomu yake inaweza kuwa ya fedha taslimu na ikaonyesha matumizi ya Sh 41,300,000. Zote mbili ni sahihi, na tofauti ya Sh 6,500,000 ina jina na ankara. Andika ukurasa mmoja wa ulinganisho kwa kila mfadhili, uuweke kwenye faili la mradi, na umpe mkaguzi kabla hajauomba. Ukurasa huohuo ndio utakaokuokoa afisa wa TRA atakapouliza kwa nini benki imeingiza milioni 72 na ritani ina 34.8.

Visima vyenyewe vikikamilika vitakabidhiwa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya usimamizi wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini). Hati ya makabidhiano ndiyo inayoamua kama gharama yake ni matumizi ya mwaka au ni mali ya shirika. Bila hati hiyo, mkaguzi ana haki ya kuuliza kwa nini pampu zilizonunuliwa kwa fedha ya shirika hazipo kwenye rejista ya mali.

Fedha ya mradi mmoja isikopeshwe mradi mwingine. Najua hufanyika, mishahara inapochelewa na akaunti ya jirani ina salio. Ikitokea, iandikwe kama deni kati ya miradi, iidhinishwe na bodi, na irudishwe kabla ya mwaka kufungwa. Ikifichwa, itaonekana tu, kwa kuwa salio la benki la mradi halitakubaliana na mapato yaliyoahirishwa.

Hatua ya 6: Funga mwaka

Siku ya mwisho ya mwaka hesabu fedha zilizomo kwenye kasha mbele ya shahidi, na muweke saini nyote wawili. Hakiki mali moja moja dhidi ya rejista, ukiandika namba zilizobandikwa na mahali kila kitu kilipo. Pikipiki iliyoko kwa mratibu wa wilaya ipigwe picha ikiwa na namba yake. Orodhesha wadai na wadaiwa, kokotoa uchakavu, badili salio la akaunti ya dola kwa kiwango cha siku hiyo, na hakikisha makato ya NSSF na ya kodi, pamoja na michango ya mwajiri kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, yanakubaliana na orodha ya mishahara ya miezi yote 12. Kisha toa urari, yaani orodha ya salio la kila akaunti ya daftari, na kutoka kwenye urari andaa taarifa ya hali ya kifedha, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya mabadiliko ya mifuko, mtiririko wa fedha, na maelezo.

Kuna ukurasa mmoja ambao mashirika madogo huukumbuka siku ya mwisho: tamko la mkuu wa fedha. Utaratibu wa NBAA unataka mhasibu mwenye CPA (cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na NBAA) aliyesimamia uandaaji wa hesabu atamke kwa saini yake na namba yake ya uanachama kwamba zimefuata viwango. Shirika ambalo mhasibu wake ana stashahada litahitaji CPA wa muda wa kuzipitia na kuzisaini, na huyo hawezi kuwa mkaguzi wala mtu wa kampuni yake. Panga gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo wa mwaka.

Hatua ya 7: Mpate mkaguzi kabla hujamhitaji

Katiba nyingi zinaupa Mkutano Mkuu mamlaka ya kumteua mkaguzi. Ifuate, na muhtasari wa mkutano huo uwepo. Hakikisha kwa NBAA kwamba kampuni imesajiliwa na kwamba anayesaini ana cheti hai cha kufanya kazi ya ukaguzi. Kuwa na CPA peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kukagua. Omba bei kwa kampuni kadhaa kati ya Septemba na Oktoba, kwa sababu kuanzia Februari wakaguzi wazuri wamejaa, na utaangukia kwa yule anayekuahidi hati ndani ya siku tatu. Bei ya chini kupita kiasi maana yake ni kwamba hatakuja ofisini.

Kabla ya kuanza, saini barua ya makubaliano ya kazi inayotaja upeo, muda, ada, viwango na ni hati zipi zitatolewa. Wafadhili wanaotaka ukaguzi wa mradi wao pekee watajwe humohumo, kwa kuwa huo ni ukaguzi wa namna nyingine, wenye maoni yake na mara nyingi wenye hadidu za rejea zilizoandikwa na mfadhili. Baadhi yao, kama Umoja wa Ulaya, huomba uhakiki wa matumizi ambao hautoi maoni kabisa, bali orodha ya yaliyobainika. Usiwasilishe ripoti ya aina hiyo kwa Msajili ukadhani umekaguliwa.

Hatua ya 8: Wiki ya ukaguzi

Tenga chumba, faili zote, na mtu mmoja wa kujibu maswali. Andaa mapema katiba, vyeti, mihtasari ya bodi, mikataba ya wafadhili na ya ajira, taarifa za benki, ulinganisho, rejista na hati za malipo kwa mfuatano wa namba. Mkaguzi atawaandikia benki, mawakili na wafadhili kuthibitisha salio na madai moja kwa moja; usiombe majibu yapitie kwako. Akiuliza hati iliyopotea, sema imepotea na ulete ushahidi mwingine ulio nao, kama vile nakala ya mlipwaji au taarifa ya benki. Kutengeneza hati mpya yenye tarehe ya zamani ni kosa baya kuliko kupoteza ya mwanzo, na karatasi nyeupe isiyo na tundu la faili katikati ya karatasi zilizochakaa haihitaji mtaalamu kuigundua.

Mwishoni bodi itasaini barua ya uthibitisho wa uongozi, ikikiri kwamba imetoa taarifa zote. Mwenyekiti aisome kabla ya kusaini.

Hatua ya 9: Soma hati na barua ya menejimenti

Maoni ya mkaguzi ni ya namna nne: hati inayoridhisha, hati yenye shaka (hesabu ni sawa isipokuwa jambo lililotajwa), hati isiyoridhisha, na kushindwa kutoa maoni. Hati yenye shaka si msiba ikiwa sababu yake ni moja na inaeleweka, kwa mfano michango ya fedha taslimu mitaani ambayo haiwezi kuthibitishwa kabla ya kuingizwa daftarini. Hati hiyo hiyo kwa sababu ya masurufu yasiyorejeshwa ni habari nyingine.

Barua ya menejimenti, inayoeleza udhaifu wa mifumo, ndiyo wafadhili wazoefu huiomba kwanza. Jibu kila hoja kwa kitendo, jina la cheo kinachohusika na tarehe. Jibu la «tumepokea na tutafanyia kazi» halijibu chochote, na mkaguzi wa mwaka ujao atalinukuu neno kwa neno chini ya kichwa cha hoja zilizojirudia.

Hatua ya 10: Wasilisha, tangaza, tunza

Bodi ikishaidhinisha na kusaini, taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa hupandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa usajili, NiS, kupitia akaunti ya shirika. Hakikisha nywila haiko kwa mfanyakazi mmoja aliyekwisha kuacha kazi, jambo linalochelewesha mashirika kuliko hesabu zenyewe. Kabla ya kubonyeza, linganisha mapato na matumizi yaliyomo kwenye fomu ya shughuli na yale ya hesabu. Afisa wa dawati huanza kwa kuzilinganisha hizo mbili. Ritani ya TRA iende na hesabu hizohizo, na nakala iwafikie wanachama kwenye Mkutano Mkuu, ikisomwa kwa Kiswahili hata kama imechapwa kwa Kiingereza.

Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022 na ikaondolewa Juni 2025, na katika kipindi hicho benki zilizoea kuyauliza mashirika maswali mengi kuhusu chanzo cha fedha kutoka nje. Maswali hayo hayajakoma. Faili lenye mkataba, barua ya kuuwasilisha Hazina na hesabu za mwaka uliopita hufungua akaunti iliyozuiwa haraka kuliko barua ya malalamiko.

Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka mitano, na mkataba wa mfadhili unaweza kutaka zaidi. Fuata muda ulio mrefu. Andika juu ya kila boksi mwaka, mradi, namba ya hati ya kwanza na ya mwisho, na tarehe ambayo boksi hilo linaruhusiwa kuharibiwa. Kisha, kwenye kikao cha kwanza cha bodi baada ya kuwasilisha, weka mezani jedwali la hoja za barua ya menejimenti, na ajenda isifungwe mpaka kila hoja iwe imepewa mwenyewe na tarehe.